Semiotiki, Dini na Kauli za Kisiasa Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa wanafunzi, wanahabari na viongozi wa dini wamekuwa wakiniuliza mambo yaleyale kuhusu utafiti wangu, ambao unachunguza namna ishara za dini zinavyotumika katika kauli za kisiasa, hasa Kenya na Tanzania. Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, na mengine kwa sentensi chache tu.

Semiotiki ni nini hasa?

Semiotiki ni taaluma inayochunguza ishara, yaani jinsi kitu kimoja kinavyosimama badala ya kingine mbele ya mtu fulani. Neno ni ishara, lakini vilevile rangi ya bendera, kofia, mkono ulioinuliwa, wimbo unaopigwa kabla mgeni rasmi hajaingia, na hata ukimya wa kiongozi ambaye watu walitarajia aseme. Wanaotajwa mara nyingi kuwa waasisi wake ni wawili. Wa kwanza ni Ferdinand de Saussure, Mswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake. Yeye aliigawa ishara katika pande mbili, kiashiria (umbo linalosikika au kuonekana) na kiashiriwa (dhana inayobebwa na umbo hilo), akasisitiza kwamba kinachoziunganisha pande hizo ni mazoea ya jamii, kwa kuwa hakuna chochote katika maumbile ya ng'ombe kinachomlazimu aitwe ng'ombe. Wa pili ni Charles Sanders Peirce, Mmarekani aliyeishi kati ya 1839 na 1914, ambaye aliongeza upande wa tatu: tafsiri inayozaliwa akilini mwa anayeipokea ishara. Upande huo wa tatu ndio ulionivuta mimi, kwa sababu katika siasa anayeipokea ishara ndiye mpiga kura, na mara nyingi huipokea kwa namna ambayo aliyeitoa hakuikusudia.

Kwa nini dini na siasa, na si jambo jingine?

Kwa sababu ya sheria, kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 91, inakataza chama cha siasa kuanzishwa kwa misingi ya dini, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya Tanzania ya 1992 inaweka sharti la namna hiyohiyo. Hata kabla ya katiba hiyo ya sasa, Islamic Party of Kenya, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1992, ilinyimwa usajili kwa hoja ya udini. Basi mlango wa mbele umefungwa: hakuna mgombea awezaye kusimama na kusema kwamba chama chake ni cha Waislamu au cha Wakristo. Lakini wapiga kura ni watu wa ibada, na mgombea anajua hivyo. Dini hupita dirishani, kwa njia ya ishara: jina la mtu wa Biblia, salamu, rangi, kitambaa, mahali alipochagua kuketi Jumapili au Ijumaa. Ishara ina sifa moja ambayo tamko la wazi halina, nayo ni kwamba mwenyewe anaweza kuikana. Akiulizwa, atasema alikuwa anasalimia tu.

Hoja ninayoitetea katika kazi hii ni kwamba wepesi huohuo wa kukana unampunguzia mwanasiasa umiliki. Ishara ya dini haikutungwa naye. Ameikuta katika vitabu na desturi ambazo wasikilizaji wake wanazijua vizuri kuliko yeye, na akishaiazima, wao wanaweza kuisoma hadi mwisho wa kisa wakati yeye alikomea katikati.

Je, utafiti huu unapima imani ya viongozi?

Haupimi. Sina chombo cha kujua kama rais fulani anaposali anasali kweli, na swali hilo si langu. Ninachoweza kuchunguza ni kile kilichosemwa, kilichoonekana, na jinsi kilivyopokewa.

Kuna tofauti gani kati ya ikoni, indeksi na simboli? Naomba mfano wa nyumbani.

Ikoni hufanana na kile inachokiwakilisha, kama picha ya mgombea kwenye bango. Indeksi imeungana nacho kwa tukio halisi, kama moshi na moto. Simboli inategemea makubaliano tu, kama neno au bendera.

Mfano wa nyumbani ninaoupenda kuliko yote ni Nyayo. Unyayo kwenye mchanga ni indeksi isiyo na ubishi: mtu amepita hapa. Jomo Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978 na Daniel arap Moi kushika madaraka, Moi alitangaza kwamba atafuata nyayo za mtangulizi wake. Maneno hayo yalikuwa na unyenyekevu ndani yake, kwa kuwa anayefuata nyayo yuko nyuma. Baada ya muda mfupi neno likahama. Nyayo ikawa jina la falsafa yenye nguzo tatu, amani, upendo na umoja, ikawa jina la majengo na la uwanja, na hatimaye ikawa jina la Moi mwenyewe, kiasi kwamba anayetakiwa kufuata sasa alikuwa mwananchi na mwenye nyayo alikuwa rais. Indeksi iligeuka simboli, na katika safari hiyo mwelekeo wa ufuasi ukapinduka bila herufi hata moja kubadilika. Kwa msikilizaji wa kanisani kulikuwa na jambo la ziada, kwa sababu kufuata nyayo za aliyetangulia ni lugha ya mahubiri kuhusu Kristo, na taarifa za habari za Jumapili zilizoanza na Rais akiwa ibadani ziliikaza maana hiyo wiki baada ya wiki kwa muda wa miaka 24.

Nimesoma kwamba unachambua hata salamu. Kuna nini cha kuchambua katika salamu?

Kuna mengi kuliko katika hotuba yenyewe, nitathubutu kusema.

Katika mkutano mmoja wa kampeni nilioushuhudia mkoani Tanga, mgombea alipanda jukwaani, akagonga kipaza sauti mara mbili kwa kidole, akaanza: "Assalaam aleikum!" Akina mama waliokaa kwenye kanga zao chini ya mwembe wakamjibu kwa sauti moja. Akaendelea: "Bwana Yesu asifiwe!" Ikaja "Amina" kutoka upande wa barabara, penye vijana wa bodaboda. Akasema: "Tumsifu Yesu Kristo!" Hapo pakawa kimya, naye akajijibu mwenyewe, "Milele na milele, amina," akacheka, watu wakacheka. Salamu ya nne ilikuwa kibwagizo cha chama, na uwanja mzima ulijibu.

Tazama mpangilio huo. Salamu tatu za kwanza zinagawa: kila moja ina wenyewe, na "Tumsifu Yesu Kristo" inamtambulisha Mkatoliki papo hapo mbele ya Mkristo wa madhehebu mengine. Ya nne inakusanya. Kimsingi mgombea anasema kwamba ninyi ni wa aina tatu, na mimi ndiye ninayewafanya kuwa wamoja. Tena kibwagizo cha chama hakikuwekwa mwanzo. Kimewekwa pale ambapo koo zimekwisha kuzoea kuitikia, na mwitikio ambao dakika moja iliyopita ulikuwa wa Mungu unaendelea kwa mdundo uleule kwenda kwa chama. Huhitaji mgombea aliyepanga hayo kwa hila. Desturi ya jukwaa imeyapanga muda mrefu, na wagombea huyarithi.

Ninaporekodi mikutano ninaandika salamu ipi ilitangulia, ipi ilirudiwa kwa sababu mwitikio ulikuwa hafifu, na ipi ilisahauliwa. Iliyosahauliwa husemwa sana vijiweni baadaye.

Mwenge wa Uhuru ni ishara ya dini?

Kisheria na kiserikali ni ishara ya taifa, na umo katika nembo ya Tanzania. Ila maneno yaliyouzaa yanastahili kusomwa polepole. Mwaka 1959, akihutubia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kwa Kiingereza, Julius Nyerere alisema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro ili umulike nje ya mipaka. Ulikuwa mshumaa. Tarehe 9 Desemba 1961 uhuru ulipopatikana, aliyepanda mlima, luteni Alexander Nyirenda, alipandisha mwenge, na Kiswahili kikaichukua kauli ile kwa umbo ambalo kila mtoto wa shule amelisikia: ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali palipo na chuki, na heshima palipojaa dharau.

Aliyelelewa katika Ukatoliki anaisikia hapo sala inayohusishwa na Fransisko wa Asizi, ile inayoomba kuleta mapendo penye chuki na matumaini penye kukata tamaa. (Sala hiyo, kwa taarifa, haijulikani kabla ya kuchapishwa Ufaransa mwaka 1912, ingawa Fransisko alifariki mwaka 1226, ishara nazo huwa na wazazi wa kambo.) Nyerere alikuwa Mkatoliki mwenye kuhudhuria misa mara kwa mara, na mfanano wa muundo ni wa karibu mno. Huo ni usomaji wangu, sikuukuta katika maelezo yake mwenyewe. Jambo linalonivutia ni lile lililobadilika. Katika sala, mwenye kuleta upendo ni mtu mmoja anayemwomba Mungu amtumie kama chombo. Katika kauli ya 1959 chombo ni mshumaa, mwenye kuuwasha ni "sisi", yaani watu, na Mungu hatajwi. Sala imebaki na mifupa yake, lakini nafasi ya anayeombwa imeachwa wazi, na Muislamu, Mkristo na asiye na dini wote wanaweza kuisema bila kujikwaa.

Mabadiliko ya mshumaa kuwa mwenge nayo si madogo. Mshumaa huwashwa altareni au kaburini, husimama mahali pamoja. Mwenge hukimbizwa, na mbio zake zimekuwapo tangu mwaka 1964. Kwa kukimbizwa umepata ratiba, wakimbizaji, miradi inayosubiri kuzinduliwa na viongozi wanaoupokea mpakani mwa wilaya kwa utaratibu ulio mkali kama wa ibada. Baada ya Nyerere kufariki tarehe 14 Oktoba 1999, kilele cha mbio kikaambatanishwa na siku hiyo ya kumbukumbu yake. Na kwa kuwa Kanisa Katoliki lilianzisha mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenye heri, siku moja mtu huyohuyo anaweza kuwa na moto wa serikali na mshumaa wa altareni.

Kwa nini wanasiasa wa Kenya hupenda sana majina ya Biblia?

Kwa sababu jina moja huleta kisa kizima bila gharama. Katika kampeni za 2017 marehemu Raila Odinga alijitambulisha kama Yoshua anayewavusha wafuasi wake kwenda Kanani. Hapa ninatumia jaribio ambalo wanasemiotiki hulipenda, la kubadilisha: ondoa ishara, weka jirani yake, uone kinachopotea. Tuseme angejiita Musa. Musa ndiye aliyewatoa watu utumwani, sifa ambayo mkongwe wa harakati za vyama vingi angeweza kuidai kwa haki. Lakini Musa aliiona nchi ya ahadi kwa mbali, akafia mlimani. Mgombea aliyekwisha kushindwa mara tatu hawezi kuvaa jina la mtu asiyefika. Yoshua anavuka mto. Uchaguzi wa jina ulikuwa hesabu kamili.

Tatizo ni kwamba Kanani katika Biblia ilikuwa na wenyewe, na Yoshua aliingia kwa upanga. Kisa ni chombo kimoja, hakikatwi vipande. Ukiita Yordani umeita pia Yeriko. Katika nchi iliyomwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007, upande wa pili haukuhitaji kutunga hoja mpya, ulihitaji tu kuendelea kusoma sura zinazofuata.

Na Zakayo?

Zakayo ni mfano bora zaidi, kwa sababu jina hilo halikuchaguliwa na mwanasiasa. William Ruto aliingia Ikulu mwaka 2022 akiwa amejijenga kwa ishara mbili: wilbaro, ishara ya chama chake na ya mhangaikaji anayejitafutia riziki, na sala, kwani nyimbo za sifa na wahubiri walikuwa sehemu ya mwonekano wake kuliko ilivyokuwa kwa watangulizi wake. Kodi zilipopanda, watu walimpa jina la mtoza ushuru mkuu wa Injili ya Luka, sura ya 19. Hawakwenda kutafuta tusi nje ya dini. Waliingia katika kitabu alichokuwa ameshika yeye, wakafungua ukurasa mwingine.

Kisha wakaongeza kitenzi. Mwezi Juni 2024, wakati vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha hadi kuingia majengo ya Bunge tarehe 25, kilichosikika mitaani na mitandaoni kilikuwa: "Zakayo, shuka!" Katika Injili ni mwaliko wa Yesu kwa mtu aliyepanda mkuyu, ashuke upesi kwa kuwa atashinda nyumbani kwake. Katika barabara za Nairobi ikawa amri ya kuachia madaraka. Amri hiyo ilisemwa kwa maneno matakatifu, na kwa hiyo ilikuwa vigumu kuikemea: askari atamkamata vipi mtu kwa kunukuu Luka? Aliyejenga ishara ya dini alijikuta anasomewa maandiko na waumini wake.

Baadhi ya wachungaji walinieleza kwamba mwisho wa kisa umesahauliwa, kwa maana Zakayo alitubu, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne alichokuwa amedhulumu. Sidhani kwamba ulisahauliwa. Nadhani wengi walioimba walikuwa wanadai ule mstari wa mara nne.

Sadaka inaweza kuwa ishara ya kisiasa?

Inaweza, na kurudishwa kwake hata zaidi. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki wa Kenya kuikosoa serikali hadharani, Rais Ruto alihudhuria misa katika parokia ya Soweto jijini Nairobi na kutoa mchango wa mamilioni ya shilingi, pamoja na ahadi ya nyingine. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha zirudishwe. Noti zilikuwa zilezile kabla na baada ya agizo hilo. Lakini sadaka hukamilika inapopokewa, na Askofu aliizuia isikamilike. Kilichokuwa ibada saa nne asubuhi kilirudishwa kuwa malipo. Tangu harambee za miaka ya Moi, ilizoeleka kwamba altare haikatai.

Ni nini kilichotokea katika kura ya maoni ya 2010 kuhusu Mahakama ya Kadhi?

Kabla ya 2010, tazama 2005. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipigia kura rasimu ya katiba kwa alama mbili zilizotolewa na tume kwa ajili ya kurahisisha kura: ndizi kwa anayekubali, chungwa kwa anayekataa. Hakuna kitu katika chungwa kinachofanana na kukataa, Saussure angefurahi. Chungwa likashinda kwa karibu asilimia 58, na mara moja likaacha kuwa alama ya nasibu: likawa chama na rangi ya mashati. Kura ya pili ilipofika, tarehe 4 Agosti 2010, matunda yakaachwa, zikatumika rangi, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, rangi ambazo taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kuzifundisha.

Ubishi mkali ulikuwa juu ya vifungu viwili, kile kinachohusu utoaji mimba na kile cha Mahakama ya Kadhi. Mahakama hizo hazikuwa jambo jipya. Zilikuwamo katika katiba ya uhuru, kutokana na maafikiano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, kuhusu mwambao wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani. Mamlaka yake katika Ibara ya 170 ni finyu: hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko.

Neno "kadhi" lilikuwa na viashiriwa viwili visivyokutana. Kwa mama wa Mombasa kadhi ni mzee mwenye faili, ambaye ataamua kama shemeji zake wamemdhulumu nyumba ya marehemu. Kwa muumini wa kanisa la bara ambaye hajawahi kumwona kadhi hata mmoja, neno hilo lilikuwa mlango wa sheria ya dini moja kuingia nchi nzima. Viongozi wengi wa makanisa waliishawishi kura ya hapana kwa maana hii ya pili. Waliojibu kwa kusoma Ibara ya 170 walikuwa sahihi kisheria, ila walijibu swali lisiloulizwa. Hofu ya ishara haitulizwi kwa kusoma kifungu. Katiba ilipita kwa karibu asilimia 67, na nionavyo mimi ilipita kwa sababu nyingine kabisa.

Na hotuba za corona Tanzania mwaka 2020?

Tarehe 22 Machi 2020, akiwa katika kanisa kuu Dodoma, Rais John Magufuli alisema kwamba corona ni shetani na haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Mwezi Aprili alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, na mwezi Juni alisema Mungu amejibu. Wengi wamechambua hotuba hizo kama kukataa sayansi, na suala la athari zake kwa afya ya watu ni zito, lakini haliko katika taaluma yangu. Kisemiotiki, kuuita ugonjwa shetani kunabadilisha orodha ya watu wanaotakiwa kazini. Ugonjwa unaita daktari na takwimu. Shetani anaita waombaji, na idadi ya waliopagawa haitangazwi kila jioni. Tena "mwili wa Kristo" una maana mbili kwa pamoja, ekaristi na jumuiya ya waumini, hivyo mtu aliyesita kwenda kanisani angeonekana ametilia shaka zote mbili. Sambamba na hilo palikuwa na nyungu, mvuke wa majani ambao Waislamu na Wakristo waliutumia sawasawa, na uliobeba maana ya uasili na kujitegemea bila kuhitaji maandiko.

Kanga zinaingiaje katika utafiti huu?

Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo linalosema. Mwaka 2008 ilitoka Tanzania kanga yenye picha ya Barack Obama, imeandikwa "Hongera Barack Obama" na "Upendo na amani ametujalia Mungu". Sentensi ya kwanza ina mtendaji aliyeshinda uchaguzi Marekani. Ya pili ina mtendaji mwingine kabisa, na kiambishi "-tu-" kinachotuingiza sisi wavaaji katika ushindi ambao hatukuupigia kura. Kisha fikiria inavyovaliwa: picha ya mwanasiasa inaweza kuangukia mgongoni, au mtoto akabebwa juu yake. Sijui mahali pengine ambapo kauli ya kisiasa hukubali kufuliwa na kuanikwa.

Je, haya yote ni mambo mapya?

Hapana. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vinaitwa kwa jina la ishara: maji aliyoyatoa Kinjekitile Ngwale huko Ngarambe, ambayo yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya Wajerumani.

Kwa nini unaandika kwa Kiswahili?

Kwa sababu data yangu ni ya Kiswahili, na lugha yenyewe imehifadhi historia ninayoichunguza. Chukua neno "siasa". Kamusi za zamani zinalipa maana ya upole na uangalifu. Kufanya jambo kwa siasa kulikuwa kulifanya taratibu, bila papara. Wazee wa pwani bado wanaweza kukuambia ufungue mlango kwa siasa. Au chukua "Mwalimu" na "Maalim". Nyerere na Seif Sharif Hamad wote waliwahi kufundisha shule, lakini Zanzibar neno "maalim" hunukia chuo cha Kurani, na kwa hiyo heshima walizopewa wawili hao si tafsiri ya moja kwa nyingine. Mambo hayo hufifia ukiyaeleza kwa lugha nyingine.

Umewahi kukosea kusoma ishara?

Nimekosea, na kosa moja linahusu mkutano uleule wa Tanga. Niliporudi kwenye rekodi niliandika kwamba kimya kilichoifuata salamu ya Kikatoliki kilikuwa cha makusudi, Wakatoliki wa kijiji wakimwonyesha mgombea kwamba hawamtaki. Niliijenga hoja hiyo kwa kurasa nne. Miezi mitatu baadaye nilirudi kijijini, nikamuuliza mama aliyekuwa akiuza maandazi karibu na jukwaa siku ile. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, siku ile Wakatoliki wote walikuwa kwenye mazishi ng'ambo ya mto." Kurasa nne zilifutwa. Tangu hapo siandiki maana ya ukimya kabla ya kuuliza nani hakuwepo.

Mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti wa aina hii aanzie wapi?

Aanze na ishara moja na mahali pamoja. Rasimu nyingi ninazoletewa zinataka kuchambua "dini na siasa Afrika", na zinaishia kuwa orodha ya nukuu. Chukua salamu za wagombea wa kata yako katika kampeni moja, au mabango ya barabara moja. Rekodi, nukuu neno kwa neno pamoja na vicheko na miitikio, kisha waulize angalau watu wachache wa kila dhehebu walisikia nini. Uliza pia wasiokwenda popote kusali.

Je, ninaweza kutumia ujumbe wa makundi ya WhatsApp kama data?

Picha au katuni iliyosambazwa hadharani, ndiyo. Ujumbe ulioandikwa na mtu katika kundi la familia, jumuiya au msikiti ni wa mtu huyo, hata kama umesambazwa kwako mara ishirini. Muombe ruhusa mwandishi wake, ondoa jina na namba, na asipopatikana uuache.